Dhahabu kwanza au kijani kwanza? Mashairi manne ya utoto unaopita, na lipi la kuingia nalo darasani

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa kidato cha tano mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), aliniandikia wiki iliyopita: "Kaka, nina vipindi viwili tu kabla ya mtihani. Nataka shairi la Kiingereza la utoto unavyopita, liwe na rangi ndani yake, wanafunzi walisome halafu walitafsiri. Nitajie moja." Nikamjibu kwa majina manne. Akanicheka, akaniuliza kama siku hizi moja huhesabiwa mpaka nne.

Basi nimeyaweka yote manne mezani, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye swali la namna hiyo: anayeendesha kikundi cha kusoma, anayetafuta la kughani kwenye mahafali, au mtafsiri anayetaka kujipima nguvu. Mashairi yenyewe ni haya. "Nurse's Song" la William Blake, ambalo kwa kweli ni mashairi mawili yenye jina moja, la 1789 na la 1794. Nayahesabu kama moja kwa sababu kulisoma moja bila mwenzake ni kula wali bila mchuzi. "Spring and Fall" la Gerard Manley Hopkins, la 1880. "Nothing Gold Can Stay" la Robert Frost, la 1923. Na "Fern Hill" la Dylan Thomas, lililochapishwa mara ya kwanza Oktoba 1945.

Ukiyasoma kwa haraka utaona yote yanalia kilio kimoja, kwamba utoto ulikuwa mtamu na umekwenda zake. Ndiyo maana walimu wengi huishia kuchagua kwa urefu: lipi fupi, hilo hilo. Mimi nina kigezo kingine. Tafuta dhahabu imekaa wapi.

Embe la kwetu na jani la kwao

Mtoto aliyekulia penye miembe na migomba anajua mpangilio mmoja wa rangi. Kijani hutangulia, manjano hufuata. Embe la kijani ni chachu, la kula na chumvi na pilipili. Likishapata umanjano limeiva, ndizi kadhalika. (Chungwa la Muheza tuliache nje ya hoja hii, maana lenyewe huiva na ukijani wake.) Kwa mtoto huyo, rangi ya dhahabu ni habari njema: kitu kimefika. Mwambie kwamba dhahabu ni utoto, atakutazama.

Sasa yatazame mashairi manne. Kwa Frost dhahabu inatangulia, kijani kinafuata, na kufuata huko ndiko kupoteza. Kwa Hopkins dhahabu iko mwishoni: ni majani yanayopukutika Septemba. Kwa Thomas mtoto mmoja amevaa dhahabu na kijani kwa wakati mmoja, na lazima usome mpaka ubeti wa mwisho ujue ipi imevuliwa. Blake katika haya mawili hana dhahabu kabisa. Ana kijani tu, na kijani chenyewe kinaanzia ardhini kwenye nyasi na kuishia usoni mwa mtu mzima.

Huo peke yake ni mjadala wa nusu kipindi, na haudai mwanafunzi awe na Kiingereza cha kutisha.

Ubichi

Kabla ya kuingia kwenye shairi moja moja, tuliseme tatizo la kutafsiri, maana ndilo litakaloamua. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi, -ekundu. Rangi nyingine tumeziita kwa vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, manjano ni ile ile ya jikoni, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda lake. Kwa hiyo neno "kijani" limebeba jani ndani yake, lakini halikubeba umri. Mwingereza akimwita kijana "green", amesema rangi na amesema ugeni wa mambo kwa pumzi moja. Sisi tukimwita kijana "wa kijani", watu watadhani ni shabiki wa Yanga.

Umri tumeuweka kwenye -bichi. Majani mabichi, kuni mbichi, nyama mbichi, kidonda kibichi, kumbukumbu mbichi. Na methali anayoijua kila mtu: samaki mkunje angali mbichi. Angalia methali hiyo inamtazama nani. Inaitazama mikono ya anayekunja. Ubichi wa mtoto ni nafasi ya mkubwa, nayo ina muda wake. Samaki mwenyewe hajaulizwa. Nimelitaja hili kwa sababu katika mashairi haya manne ubichi wa mtoto una mwenyewe tofauti kila mara, na wanafunzi wanaoijua methali wataiona tofauti hiyo kabla ya mwalimu.

Jaribio ninalolipendekeza ni hili: kila penye "green" katika shairi, weka -bichi. Pakikubali, mshairi alikuwa anasema umri. Pakikataa, alikuwa anasema rangi tu. Pakikubali nusu, hapo ndipo pa kukaa.

Frost: mishororo 8, na mtoto hayumo

Faida ya Frost huhitaji kuelezwa. Mishororo minane, maneno 40. Kila mshororo una maneno matano, isipokuwa wa saba wenye sita na wa mwisho wenye manne. Vina vinakwenda viwili viwili. Mwanafunzi anaweza kulihifadhi kabla kengele haijalia, na mwenye sikio la mizani atagundua mwenyewe kwamba mshororo wa mwisho, ule unaosema hakuna cha dhahabu kinachodumu, umepungua silabi moja kuliko ilivyotarajiwa. Kitu kimedondoka hapo, na shairi linazungumzia kudondoka.

Kuna jambo jingine watu hulipita. Mishororo ya tano, ya sita na ya saba ina vitenzi vitatu vya kwenda chini: jani linashuka likawa jani tu, Edeni inazama katika huzuni, alfajiri inateremka kuwa mchana. Mtafsiri mzuri atatafuta vitenzi vitatu tofauti vya kushuka, asirudie kimoja. Kiswahili tunavyo: kushuka, kuteremka, kuzama, kutua, kudidimia. Hapo hatuna unyonge.

Ugumu uko kwenye mchana. Kwetu kukicha ni heri. "Kumekucha" ni salamu ya matumaini, ni jina la vikundi, ni kauli ya kumwamsha mvivu. Hata saa zetu zinaanza kuhesabiwa pale jua linapochomoza. Frost anasema alfajiri inapokuwa mchana imepungua. Sikio la Mswahili linakataa, na afadhali mwalimu aliache likatae kidogo, aulize kwa nini. Kama kuna dakika ishirini za maana katika shairi hili, ni hizo.

Mshororo wa kwanza nao ni kitendawili: kijani cha kwanza cha dunia ni dhahabu. Huko New England alikoishi, mwanzo wa majira ya kuchipua, miti mingi hutoa vichipukizi vyenye umanjano kabla majani hayajakolea kijani. Anayetafsiri ana njia mbili. Akiandika "kijani cha kwanza ni dhahabu" atahifadhi ule ugomvi wa rangi mbili katika sentensi moja, lakini umri utapotea. Akiandika "chipukizi la kwanza ni dhahabu" atapata umri wote, maana chipukizi kwetu ni jani na ni kijana, ila ugomvi wa rangi utakuwa umezimwa. Mimi ningechukua chipukizi. Najua wapo watakaonipinga.

Kasoro kubwa ya Frost kwa kazi hii ni kwamba mtoto hayumo. Hakuna kiwanja, hakuna sauti, hakuna mama anayeita. Kuna jani, bustani ya Edeni na asubuhi. Wengi wanaolisoma kama shairi la utoto wamefundishwa hivyo na riwaya ya S. E. Hinton, "The Outsiders" ya 1967, ambamo kijana analighani kwa mwenzake wakitazama jua likichomoza. Usomaji huo ni halali kabisa, ila ujue umetoka nje ya shairi.

Thomas: ubichi wa mwenye enzi

Hili ndilo ninalolipenda, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari.

Dylan Thomas alizaliwa Swansea, Wales, 1914. Utotoni alikuwa akipelekwa likizo Fernhill, shamba la Ann Jones katika Carmarthenshire. Ann alikuwa dada wa mama yake. Wahakiki wanaotafsiri kutoka Kiingereza watakuandikia "shangazi", lakini kwetu huyo ni mama mkubwa, na likizo kwa mama mkubwa kila mtu anajua inavyokuwa. Shairi alilitunga 1945 akiwa na miaka 30, vita kuu ikiishia. Beti sita, kila ubeti mishororo tisa.

Watu wa mizani watafurahi kujua kwamba Thomas naye alikuwa anahesabu. Mishororo miwili ya kwanza ya ubeti wa kwanza ina silabi 14 kila mmoja, wa tatu 9, wa nne 6, wa tano 9, na mpangilio huo anarudi nao beti baada ya beti akiuvunja hapa na pale. Vina kamili ni vya nadra. Mwanafunzi aliyelelewa katika ubishi wa mapokeo na mamboleo (wanaoshika vina na mizani, na wanaoviacha vyote viwili) atapata hapa mfano wa mtu aliyeshika mizani na kuachia vina, jambo ambalo kambi zetu mbili hazikulizoea.

Sasa rangi. Neno la kijani limo katika kila ubeti kati ya hizo sita, jumla mara saba. Linaanza mahali pake: mtoto alikuwa na furaha kama nyasi zilivyokuwa kijani. Halafu linahama. Katika ubeti wa pili ni mtoto mwenyewe aliye kijani, hana wasiwasi, maarufu miongoni mwa ghala. Katika ubeti wa tatu moto ni kijani kama nyasi. Katika wa nne ni zizi la farasi. Vitu ambavyo havijawahi kuwa kijani vinapakwa rangi ya mtoto kwa sababu yeye ndiye mwenye shamba. Anajiita mwana wa mfalme wa miji ya matofaa. Samaki wetu wa methali angeshangaa kumwona mbichi mwenzake anatawala.

Dhahabu inatokea mara nne: mara moja katika ubeti wa kwanza, mara mbili katika wa pili, mara moja katika wa tano. Mara mbili kati ya hizo imefungwa pamoja na kijani kama pete na kidole: kijani na dhahabu nilikuwa mwindaji na mchungaji, watoto wa kijani na dhahabu wanaufuata Wakati kutoka katika neema. Kisha unafika ubeti wa mwisho. Unasikia "green and" na sikio lako, ambalo tayari limezoeshwa, linasubiri dhahabu. Haiji. Pale penye nafasi ya dhahabu limesimama neno la kufa. Wakati ulinishika nikiwa mbichi na ninayekufa, anasema, ingawa niliimba minyororoni kama bahari.

Nimelisoma shairi hili kwa miaka mingi na bado pale nashtuka kidogo, ingawa najua kinachokuja.

Weka -bichi katika mishororo hiyo. "Nyasi mbichi" inakubali bila shida. "Mtoto mbichi" inakubali nusu, maana ina ladha ya uchanga kupita kiasi. "Moto mbichi" inakataa, halafu ukiisema mara ya pili unaanza kuipenda. "Mbichi nami nikifa" inakubali kabisa, na inaongeza kitu: kwetu kinachokatwa kikiwa kibichi hunyauka huku bado kina maji. Kiswahili hapo hakikupoteza chochote.

Kuna jaribu la ngeli pia. Thomas anaufanya Wakati kuwa mtu, mwenye macho na huruma yake. Ukiandika "Wakati ulinishika", sarufi iko salama na mtu amepotea. Ukiandika "Wakati alinishika", umemtoa kwenye ngeli ya U na kumpa uhai kwa kiambishi kimoja. Mhariri mkali atakupigia mstari mwekundu. Mwache apige; hadithi zetu zina sungura na fisi wanaotendewa hivyo hivyo tangu zamani.

Basi kwa nini nisimpe mwalimu hili? Kwa sababu ya dakika 80. Lugha yake imepindwa makusudi kila mahali. Anachukua misemo ya Kiingereza iliyozoeleka na kubadilisha neno moja katikati, kiasi kwamba asiyeujua msemo wa asili haoni kilichobadilishwa. Jua ndilo linalopima urefu wa siku badala ya saa, bundi wanalibeba shamba usiku mtoto anapolala, farasi wanamulika wakiingia gizani. Darasa la wanafunzi 60 litafika ubeti wa pili likiwa limechoka, na ule mshtuko wa ubeti wa sita haufanyi kazi kwa mtu ambaye sikio lake halikuzoeshwa na tano za kwanza. Ukilikata umeliua.

Mpe mtu mzima aliye mbali na kwao. Mpe aliye Toronto au Muscat ambaye nyumba ya bibi yake imeuzwa. Mwambie kwanza alisikilize: Thomas alilirekodi kwa sauti yake mwenyewe New York mwaka 1952, na ile sauti inabeba nusu ya maana. Kisha akae na kamusi mwezi mzima.

Blake: watoto wameitwa ndani

Hapa tunafika kwenye jibu langu, lakini nilitaka ujue nimelifikia kwa kuacha nini.

Blake alikuwa mchonga sahani za kuchapia, fundi wa London. "Songs of Innocence" alikitoa 1789 kwa mikono yake: alichora maandishi na picha pamoja kwenye sahani za shaba, akachapa, kisha yeye na mkewe Catherine wakapaka rangi nakala moja moja kwa mkono. Mwaka 1794 akakiunganisha na mashairi mapya yaliyojibizana na yale ya kwanza, upande wa tajiriba. Kwa kuwa kila nakala ilipakwa peke yake, hakuna mbili zenye rangi sawa kabisa. Picha za nakala mbalimbali zinapatikana mtandaoni. Mwalimu mwenye simu na kifurushi anaweza kuwaonyesha wanafunzi ukurasa ule ule katika rangi mbili tofauti, kabla hawajasoma neno hata moja.

Mashairi yote mawili yanaanza kwa mshororo mmoja, neno kwa neno: sauti za watoto zinaposikika kwenye kijani. Kijani hapa ni mahali, ule uwanja wa nyasi katikati ya kijiji cha Kiingereza ambako watoto hucheza na wakubwa hukaa. Anayezungumza ni yaya. Jua linazama na anawaita watoto ndani.

Sijui kama kuna mtoto wa Pwani asiyeijua saa hiyo. Magharibi imeingia, adhana imelia, mama au bibi yuko mlangoni anaita majina, na mpira ndiyo kwanza umenoga. Darasa litalielewa tukio kabla ya kulielewa shairi, na hiyo ni akiba kubwa ya muda.

Katika shairi la kwanza, lenye mishororo 16, watoto wanajibu. Wanakataa. Wanatoa hoja kama mawakili: bado mchana, hatuwezi kulala, ndege wangali wanaruka, vilima vimejaa kondoo. Yaya anashindwa na kuwaruhusu mpaka mwanga ufifie. Moyo wake ulikuwa umetulia tangu mshororo wa tatu.

Shairi la pili lina mishororo minane tu, nusu kamili. Kilichokatwa ni sauti ya watoto. Hawakupewa hata mshororo mmoja wa kujibu. Tunasikia tu minong'ono bondeni. Yaya anakumbuka siku za ujana wake, na uso wake unageuka kijani na kupauka. Kisha anawaita kwa maneno yale yale ya mwanzo, jua limezama, umande unaingia, lakini safari hii anawaambia kwamba wamepoteza majira yao na mchana wao kwa michezo, na kwamba usiku na baridi yao vitakuja vimejificha.

Kijani kimehama. Katika shairi la kwanza kilikuwa chini ya miguu ya watoto. Katika la pili bado kiko pale, mshororo wa kwanza unasema hivyo, lakini sasa kipo pia usoni mwa mtu mzima, na usoni ni rangi ya ugonjwa au ya kijicho. Neno moja, mishororo miwili kati yake. Hakuna shairi jingine katika haya manne linaloonyesha utoto ukipita kwa ufupi namna hiyo, na Blake hakuhitaji kusema kwamba umepita.

Na ubichi je? Hapa Kiswahili kinapoteza mkono mmoja na kupata mwingine. Kiwanja hakiwezi kuitwa "kijani". Lazima uandike uwanja, au uwanja wa nyasi. Uso nao, ukiandika "unageuka kijani", wanafunzi watacheka wakikumbuka majitu ya katuni. Neno letu la asili ni kusawijika: uso umemsawijika, rangi imempotea. Zuri sana, lakini kijani kimekufa mara mbili, na shairi lote lilining'inia hapo.

Lakini tazama mshororo wa tatu. Blake anasema siku za ujana wake zinamjia akilini zikiwa "fresh". Hilo kwetu ni mbichi, bila kulazimisha. Kumbukumbu mbichi. Kwa hiyo mtafsiri anaweza kuandika uwanja wa majani mabichi katika mshororo wa kwanza, siku za ujana zikinijia mbichi katika wa tatu, uso ukisawijika katika wa nne. Ule uzi ambao Blake aliufunga kati ya mshororo wa kwanza na wa nne, tumeufunga kati ya wa kwanza na wa tatu. Siyo kitu kile kile. Ila ni kitu, na wanafunzi watakaokigundua wenyewe hawatakisahau.

Tahadhari moja ndogo. Shairi la pili linataja majira, na kishawishi ni kuandika "masika" kwa majira ya kuchipua na "kipupwe" kwa baridi kali. Masika ni mvua ya Machi mpaka Mei na matope yake. Andika majira ya kuchipua, andika majira ya baridi, uendelee.

Halafu kuna ile methali. Yaya wa kwanza anawaachia watoto ubichi wao mpaka giza. Yaya wa pili ni mkunja samaki: muda unapita, mnapoteza. Waulize wanafunzi yupi kati ya hao wawili anafanana na waliowalea. Usitarajie jibu moja, na usiwasaidie.

Hopkins, kwa kifupi

Sikumsahau. "Spring and Fall" lina mishororo 15, na ndani yake mtu mzima anamwambia mtoto, Margaret, anayelilia majani yanayodondoka katika Goldengrove: utakapokua utaona makubwa kuliko haya bila kushusha pumzi, na bado utalia, na kinacholiliwa ni wewe mwenyewe. Hopkins alikuwa padri Mjesuti, alilitunga Lancashire Septemba 1880, na kitabu chake cha mashairi kilitoka 1918, miaka 29 baada ya kifo chake. Rangi imejificha ndani ya jina la mahali, kwa hiyo mtafsiri anabaki na nomino ya pekee yenye dhahabu tumboni; aiache, dhahabu haionekani; aitafsiri, jina limekufa. Maneno kadhaa aliyaunda mwenyewe. Ni shairi la kusoma watu wawili, jioni, pasipo haraka. Darasani nisingeenda nalo, pia kwa sababu naona ni kali kwa mtoto aliyefiwa, na katika darasa lolote yumo.

Basi lipi?

Kwa vipindi viwili vya dakika 40 na kazi ya kutafsiri: Blake, yote mawili. Kipindi cha kwanza shairi la 1789 na picha, na mtoto mmoja aigize yaya. Kipindi cha pili la 1794, bila kuwaambia kwamba linakuja. Mishororo yote pamoja ni 24, chini ya nusu ya Thomas.

Kwa mahafali, au ukitaka kitu cha kuhifadhi kwa moyo: Frost. Lakini lighaniwe mara mbili, maana la kwanza litapita watu wakiwa bado wanavuta viti.

Kwa mtafsiri anayetaka kuteseka vizuri: Thomas, na ngeli ya Wakati aimalize kabla ya ubeti wa pili.

Na wewe mwalimu, kama utanipuuza na kumchukua Frost kwa sababu ni fupi, jambo ambalo nalitegemea, basi fanya hivi. Kama mwembe wa shule umechipua, kata kitawi uingie nacho darasani. Majani machanga ya mwembe hutoka yana wekundu wa shaba, yamelegea, yananing'inia. Wiki chache baadaye ni kijani, magumu kama ya jana na juzi. Waulize mwembe ungeandika nini katika ule mshororo wa kwanza.